Ombi la Kuhudhuria Msiba Wako Mwenyewe

Kamati ya Misiba,
Kitongoji cha Namangudu,
njia ya kwenda Chilangala,
Newala.
Jumatatu asubuhi, mwezi wa Julai, ukungu ukiwa haujainuka.

Kwako Ndugu Bonifasi Cecil,
kwa shangazi yako Bi Emilia,
Lisekese, Masasi.

KUH: KUTAKIWA KUFIKA KWENYE MATANGA YAKO KABLA YA IJUMAA

Ndugu Bonifasi,

Natumaini barua hii inakukuta u mzima. Maneno haya watu huyaandika kwa mazoea. Mimi nayaandika kwa sababu uzima wako ndio chanzo cha malalamiko yangu.

Mimi ni Abdulrazaki Alfani, Baba Pendo, katibu wa Kamati ya Misiba hapa Namangudu. Unanifahamu, ndimi niliyekuazima viti siku uliyokuja kutangaza nia. Natunza turubai, majamvi, sepetu na sufuria kubwa za kitongoji. Mtu akifa hapa mimi napata habari kabla ya baadhi ya wanawe. Pamoja na uzoefu huo sijapata kumwandikia marehemu barua, wala sijui anaanzwaje. Mahali nitakapokosea adabu uniwie radhi. Shikamoo sikuitia, kwa sababu kiumri wewe ndiye wa kuniamkia mimi, ingawa kwa hali yako ya sasa sina hakika.

Nikukumbushe kilichotokea, maana ulikiondokea haraka.

Ulikuwa unaomba chama kikuteue usimame udiwani wa kata yetu katika uchaguzi huu mdogo, wewe na Mzee Chrispin, ambaye anautaka udiwani tangu wewe hujatahiriwa. Vijana wetu kabla yako walikuwa wanaijua siku ya uchaguzi kama siku ya kulala mpaka jua likaze. Ukaja wewe, mtoto wa marehemu Mwalimu Cecil, kijana mwenzao, unaongea wanakuelewa. Walinyoa nywele wakaacha herufi B kisogoni. Binti yangu Pendo alizunguka nyumba kwa nyumba mpaka Kitangari, anawahimiza wenzake wakajiandikishe. Alikuwa akirudi jioni na vumbi mpaka kwenye kope, halafu anakula huku ananisimulia kata nzima. Mimi baba yake sikuwahi kujua kama ana maneno mengi hivyo.

Ikafika siku ya kujieleza ukumbini. Bi Fatu, mjumbe wetu mkongwe, akainuka na fimbo yake akakuuliza, "Mjukuu wangu, maji yatapanda lini huku juu?" Ukaitazama dari. Ukafungua chupa ya maji iliyokuwa mezani pako, ukanywa. Ukaendelea kunywa. Ukumbi wote ukabaki unalitazama koo lako likipanda na kushuka, watu ambao asubuhi ile ile wameteremka bondeni na ndoo. Chupa ilipokwisha ukasema "Asanteni," ukaketi. Mzee Chrispin alipoulizwa swali hilo hilo alisema suala la maji liko kwenye mchakato, akapigiwa makofi na watu waliokwisha kuizoea kiu.

Idadi ya kura zako siitaji, nitakuwa nakuzika mara mbili. Kabla jua halijazama ulikuwa nyuma ya bodaboda unateremka Masasi, na ndipo yalipoanza haya ninayokulalamikia.

1. KWAMBA MSIBA WAKO HAUNA MAITI

Kesho yake Pendo alikuja akaniambia, "Baba, tunaomba jamvi."

Nikamuuliza nani kafa. Akasema Bonifasi. Nikamuombea marehemu rehema kama inavyopasa, kisha nikauliza kazikwa wapi. Akasema hajazikwa, yuko Lisekese kwa shangazi yake. Nikamweleza kwa upole kwamba mtu aliyeko kwa shangazi yake bado hajafa.

"Baba," akasema, "tumempigia, hapatikani. Tumemwandikia, hajibu. Kwenye kundi letu kajitoa. Nyinyi kwenye kamati yenu mna dalili gani nyingine?"

Nilikwenda kuisoma upya katiba ya kamati. Haina dalili nyingine. Nikatoa jamvi.

Sasa wamekaa mbele ya mashine ya kusaga. Picha yako ya kampeni wameiegemeza kwenye kiti, imevishwa kitambaa cheusi. Vichwa wamenyoa vyote, ile B ikaenda na nywele zingine. Mimi nilidhani ni hasira za siku moja. Lakini msiba usio na maiti una kasoro kubwa ya kiutendaji, nayo ni kwamba haufiki mahali. Sisi tunahesabu tangu kuzika: siku ya tatu, kisha arobaini, watu wanaanua matanga wanarudi mashambani. Usipozikwa, kila siku ni ya kwanza. Wanaamka asubuhi wanalia upya kama habari imeingia sasa hivi.

Nimejaribu kumsemesha binti yangu. Nilimwambia kushindwa kupo, hata wakubwa wanashindwa. Akaniambia, "Kushindwa sikulii, Baba. Tulimwamini mtu, na mtu mwenyewe akashindwa hata kusema sijui." Kisha akageukia picha yako. Tangu hapo nyumbani tunakula kimya.

2. KWAMBA VIJANA WAMEKAA EDA

Hili nilidhani ni mzaha. Wametangaza kwamba wako eda, wavulana kwa wasichana, waendesha bodaboda wote wamo. Mwalimu Suleimani wa madrasa alifunga safari kuja kuwafahamisha kwamba eda ni ya mjane, haimhusu mwenye pikipiki. Pendo akamwamkia vizuri, akamwekea kigoda, kisha akamuuliza, "Mwalimu, mtu aliyesimama mbele ya watu akasema yeye na sisi ni kitu kimoja, akatuahidi maji na nyumba bora, akatutoa majumbani kwa wazazi wetu tukamfuata, tumwiteje?" Mwalimu Suleimani akasema ataenda kutazama kitabu. Hajarudi. Upande wa kanisani, mwinjilisti Basil aliombwa agonge kengele akakataa katakata, lakini nimemwona mwenyewe akipita pale anavua kofia.

Madhara yake unaweza kuyahesabu hata ukiwa Lisekese. Mtu wa eda hatoki. Mikorosho inachanua, ugonjwa wa ubwiriunga umeanza kuweka ule unga wake mweupe kwenye maua, na mashine za kupulizia salfa zimelala uvunguni. Jirani yangu mwenye homa alipelekwa zahanati kwa toroli la mashine ya kusaga, akafika amejaa pumba. Nilipowauliza kuhusu siku ya kura, nikajibiwa kwamba kupiga kura nako ni kutoka.

3. KWAMBA MSIBA WAKO UNA CHAKULA KIZURI KUPITA KIASI

Hapa naomba usome polepole.

Siku ya pili ya matanga ilifika pikapu ya Mzee Chrispin. Ikashusha mchele, mafuta na mbuzi. Mzee mwenyewe akavua viatu, akaketi jamvini, akafuta macho kwa leso iliyopigwa pasi. Akasema, "Kijana huyu alikuwa wetu sote. Lieni, wanangu. Msiharakishe. Huzuni haina ratiba. Hata ikipitiliza siku ya uchaguzi, nani atawalaumu?"

Nilimshukuru kwa niaba ya kamati, kama kazi yangu inavyonitaka.

Tangu siku hiyo mchele ukikaribia kuisha unakuja mwingine. Nimehudumia misiba ya watu waliopendwa kweli kweli, tukala ugali wa muhogo na mbaazi, kesho yake kila mtu kwake. Sijapata kuona marehemu anayegharamiwa namna hii na mtu aliyemshinda. Mimi si mtu wa kusema zaidi ya hapo. Nasema tu kwamba wazee wawili wagonjwa hapa kitongojini wameniita pembeni, kila mmoja kwa wakati wake, kuniuliza kama na wao wanaweza kufa kwa mpango huo wa kwako.

4. KWAMBA MTANI AMEKUSHINDA KUWA WEWE

Huwezi kuwa na matanga huku kwetu ukawazuia watani. Rajabu, yule Myao muuza karanga wa huko huko Lisekese, alisikia msiba akapanda bila kuitwa, kama ilivyo haki yake. Akaishusha picha yako kitini akaketi yeye, na miwani ya waya puani mfano wa ile yako. "Mimi ndiye marehemu!" akatangaza. "Nani kaniwekea matanga bila samaki nchanga? Wamakonde leo mmekuwa wazungu?" Kwa kuwaita panya wa shambani samaki, watani hawatusamehe mpaka kiama.

Anakuigiza, Ndugu Bonifasi, mpaka inatia hofu. Bega lako la kushoto analipandisha. Kila sentensi anaianza na lile neno lako, "kimsingi". Halafu anachukua chupa ya maji anainywa anaitazama anga, na hapo vijana ndipo walipocheka kwa mara ya kwanza tangu ufe. Mpaka hapo sikuwa na lalamiko. Mtani kazi yake ni hiyo.

Tatizo ni kwamba Bi Fatu alipita na ndoo yake kichwani. Akasimama mbele ya kiti. Akauliza tena, "Mjukuu wangu, maji yatapanda lini huku juu?"

Rajabu akanywa kidogo. Kisha akaishusha ile chupa, akasema kwa sauti yako hasa, "Bibi, kimsingi, sijui. Ningejua ningekwambia. Hebu lete hiyo ndoo." Akajitwisha, akaifikisha mpaka mlangoni kwa Bi Fatu, bado anapandisha bega lako.

Niliwatazama vijana. Hakuna aliyecheka. Tangu saa ile wanasema marehemu amebadilika sana, amekuwa mtu wa maana. Wanamuuliza mambo kutwa nzima: bei ya salfa, mikopo ya vijana, ada. Asichokijua anasema hakijui, nao wanazidi kumpenda. Wameanza kusema kama wangepiga kura, wangempigia huyo.

Sasa Rajabu hana kura huku. Ni mtu wa Masasi, mtaji wake wa karanga unaozea huko, siku yoyote atadai haki yake ya utani apande gari aondoke. Vijana watafiwa mara ya pili na mtu yule yule. Kamati haina sufuria za kutosha.

OMBI

Kwa hayo yote, kamati, ambayo kwa sasa ni mimi kwa kuwa wajumbe wengine wamenogewa na wali, inaomba uchague moja kati ya haya.

Kwanza, uje mwenyewe ukiwa mzima. Fomu za uteuzi zinarudishwa Ijumaa, mwisho saa nne asubuhi. Ashiru fundi pancha ana chama chake, kile chenye bendera moja na mwanachama mmoja hapa kwetu, ambaye ndiye huyo huyo. Amesema chama kiko tayari kumsimamisha mtu yeyote atakayekuja kwa miguu miwili. Utakaa jamvini, utatukanwa kidogo, utaomba radhi, utainuka, na wao watainuka.

Pili, ikiwa aibu haikuruhusu kuja mzima, basi uje ukiwa maiti. Tutakupokea pale njia panda kwa jeneza la kamati, tukufunike vizuri pasiwe na wa kukutazama usoni. Kaburi litakuwa la kina kifupi, nitalisimamia mwenyewe, kichwa kitabaki nje. Tutakuombea, tutakufukua baada ya chai, na arobaini tutaihesabu kwa dakika. Nimeshapima urefu wako kwenye picha ya kampeni.

Tatu, ikishindikana kabisa, uniandikie kwa mkono wako kwamba umekufa, utie saini, na Bi Emilia ashuhudie. Nitaisoma jamvini. Najua ofisi yoyote itashangaa kupokea taarifa ya kifo kutoka kwa mhusika, lakini kwa hapa Namangudu wewe ndiye shahidi wa karibu zaidi.

Mwanangu, nikuite hivyo sasa, maana barua imekuwa ndefu na cheo kimenichosha. Mimi sikudai udiwani. Hata ile chupa nimekusamehe. Hofu inaweza kumkausha mtu koo. Lakini uliwafundisha watoto wetu kusimama, kisha ukakaa chini bila kuwaambia wao wafanyeje. Kuna mtu anafurahi kila asubuhi akiwaona wamekaa. Nataka binti yangu ainuke pale. Uje umwambie wewe, kwa kuwa mimi hanisikii.

Barua hii nitaituma mara nitakapopata wa kuileta. Bodaboda wote, kama nilivyoeleza, wako eda.

Nisalimie Bi Emilia, mwambie tende alizotuletea mwaka jana bado tunazisifu. Wasalimie walio hai wote wa hapo nyumbani. Bi Fatu anakusalimu na anauliza lile swali lake. Jeneza liko tayari, nalo nimelifuta vumbi.

Wako katika msiba wako,

Abdulrazaki Alfani (Baba Pendo)
Katibu, Kamati ya Misiba, Namangudu.

NYONGEZA, Ijumaa mchana.

Usije.

Barua imelala mfukoni mwangu tangu Jumatatu kwa kukosa usafiri, na sasa namshukuru Mungu.

Jana pikapu ya Mzee Chrispin ilishusha mchele kama kawaida. Ukapikwa, ukapakuliwa. Rajabu, kitini pako, sahani mapajani, akauliza kwa sauti yako, "Kimsingi, wali huu katoa nani?" Akaambiwa. Akauangalia. "Nyie Wamakonde nyie! Mtu kaniua, anawalisha nyie ili msiinuke, na nyie mnamuomba ukoko!"

Ningesema mimi ningeitwa mchochezi. Mtani hashitakiwi. Pendo akaweka sahani yake chini. Na wa pili yake akaweka, na wa tatu, mpaka mwisho wa jamvi.

Akaja kwangu akasema, "Baba, anua matanga." Nikasema haiwezekani, hakuna aliyezikwa. Wakaizika ile chupa ya maji nyuma ya mashine ya kusaga, na sala mbili, ya Mwalimu Suleimani na ya Basil, walioonekana wote ghafla. Pendo akasema, "Haya. Sasa turithi jina."

Unaijua mila. Matanga yakianuliwa, jina la marehemu hupewa mrithi, akasimama mahali pake, na tangu siku hiyo ndiye yeye. Nilitafuta kifungu cha kukataa sikukipata. Rajabu akaivua picha yako kile kitambaa cheusi, akamfunga Pendo kichwani, akamwita kwa jina lako mbele ya watu wote. Akaitika.

Bi Fatu hakumpa hata nafasi ya kukaa. "Mjukuu wangu Bonifasi, maji yatapanda lini huku juu?"

"Bibi, sijui," Pendo akasema. "Lakini kesho nikisharudisha fomu tunakwenda kuuliza, na swali unauliza wewe."

Fomu imerudishwa, kwa chama cha Ashiru, kabla ya saa nne. Ndani yake kuna jina lake la kuzaliwa, ila njiani kote ni Bonifasi tu. Kwa hiyo nakuomba kwa heshima zote, kama ulikuwa na wazo lolote la kufufuka, uliahirishe mpaka kura zihesabiwe. Wapiga kura watachanganyikiwa kuona Bonifasi wawili, na huyu wa sasa anajibu maswali. Jeneza tumelifanya meza ya wageni. Turubai la kamati limegeuka jukwaa, na mimi nimeteuliwa meneja wa kampeni kwa kuwa nimezoea kupanga watu waliojaa hisia. Asubuhi wapulizaji wa salfa wamerudi mashambani kwa zamu. Mzee Chrispin alikuja na mchele, tukamwambia msiba umekwisha. Alilia, na safari hii leso hakuikumbuka.

Barua yenyewe utaletewa na bodaboda wa kampeni anayemrudisha Rajabu. Rajabu usimuulize kitu, atakujibu kwa sauti yako.

Jambo moja limenikalia. Asubuhi Pendo alipopita mlangoni akienda kurudisha fomu, kitambaa kile kichwani, nilikuwa nimekaa na kikombe changu cha chai. Nikajikuta nimesimama. Nikamwambia shikamoo.

Akaitika marahaba, bila kucheka. Akampandisha Bi Fatu kwenye bodaboda, akapanda nyuma yake, wakaondoka.